Je, Ncha za Dunia Zilihama Hata Barafu Ikafunika Nchi?

Katika mwaka 1893 mtaalamu wa elimu ya mawe kutoka London, Bwana J. W. Gregory, aliupanda Mlima Kenya pamoja na wapagazi wake, akafika mahali palipozidi futi 15,000 juu ya usawa wa bahari. Barafu aliyoikuta karibu na vilele ilikuwa ajabu kubwa, lakini habari iliyo kubwa zaidi ilikuwa chini, katika mabonde yasiyo na barafu hata kidogo. Huko yapo matuta marefu ya mawe, kokoto na udongo, yaliyokingama bonde kama boma lililojengwa kwa mikono ya watu. Ipo pia miamba iliyosuguliwa hata ikawa laini, nayo ina michirizi iliyonyoka kufuata mteremko, kana kwamba jitu fulani lilipita likiipiga tupa.

Kazi hiyo haikufanywa na maji. Maji hupanga vitu kwa ukubwa wake, mchanga mahali pake na mawe mahali pake. Barafu haifanyi hivyo. Theluji ikianguka mwaka hata mwaka bila kuyeyuka yote, ile ya chini hushindiliwa na uzito wa ile ya juu mpaka inakuwa barafu ngumu. Na barafu hiyo ikizidi unene huanza kuteremka polepole mno, hata jicho la mtu haliwezi kuuona mwendo wake. Huu ndio uitwao mto wa barafu. Hubeba mawe yaliyogandamana tumboni mwake, huyatumia kama meno ya tupa, na mahali unapoyeyukia huyatua yote pamoja, makubwa kwa madogo. Kuliona tuta la namna hiyo ni sawa na kuyaona mafiga na majivu: mtu hana haja ya kuuona moto ndipo asadiki kwamba watu walipika hapo.

Leo barafu ya Mlima Kenya hukoma karibu futi 15,000. Lakini katika bonde la Teleki, na katika bonde la Gorges upande wa mashariki, matuta ya kale yako karibu futi 10,500, si mbali na ukingo wa juu wa msitu. Maana yake ni kwamba zamani barafu ilishuka zaidi ya futi 4,000 chini ya mahali inapokoma siku hizi. Mabonde ambayo leo wapandaji hupiga hema zao ndani yake yalijaa barafu tupu.

Jambo hili lisidharauliwe, kwa kuwa mlima wenyewe umesimama juu ya Ikweta. Hata habari ya kuwapo theluji kidogo tu katika nchi hizi ilikuwa shida kukubaliwa. Mmisionari Rebmann alipoandika kwamba ameiona theluji ya Kilimanjaro katika mwezi wa Mei 1848, na mwenzake Krapf alipouona Mlima Kenya mwaka uliofuata, walikuwako mabingwa wa ramani huko London, na hasa Bwana Cooley, ambao hawajapata kukanyaga Afrika Mashariki, nao waliwacheka. Wakamba na Wachaga waliokuwa wakiitazama theluji hiyo kila asubuhi hawakuulizwa.

BARAFU ILIYOFUNIKA NUSU YA BARA

Wakati huo huo huko Ulaya palikuwa na ubishi wa namna nyingine. Katika nchi tambarare za Ujerumani, na katika mabonde ya Uswisi, yalikuwapo mawe makubwa kama nyumba, ambayo hayakufanana kabisa na mawe ya mahali hapo. Wengi walisema kwamba yaliletwa na Gharika ya Nuhu. Katika mwaka 1837 Louis Agassiz, mtaalamu wa samaki wa kale, alisimama mbele ya wenzake katika mji wa Neuchâtel akawaambia kwamba mawe hayo yaliletwa na barafu, na kwamba barafu hiyo ilipata kuifunika sehemu kubwa ya Ulaya. Wazo hilo hakulizua yeye peke yake. Wakazi wa mabonde ya milimani walikwisha kulijua kabla yake, kwa kuwa walizoea kuona barafu ikibeba mawe.

Tangu siku zile ushahidi umeongezeka mno. Inajulikana sasa kwamba kiasi cha miaka 20,000 iliyopita barafu yenye unene wa karibu maili mbili ilikuwa imelala juu ya sehemu kubwa ya Kanada, ikashuka mpaka mahali ulipo mji wa New York. Barafu nyingine ilianzia Norwei na Sweden, ikafika kaskazini ya Ujerumani na Poland. Maji mengi namna hiyo yalipogeuka kuwa barafu juu ya nchi, bahari ilipungua. Usawa wake ulikuwa chini ya usawa wa leo kwa futi 400 hivi. Mtu angaliweza kutembea kwa miguu kutoka Ufaransa mpaka Uingereza. Na kisiwa cha Unguja kilikuwa kimeungana na bara, kwa sababu mlango wa bahari ulio kati yao ni wa kina kifupi.

Tena jambo hilo halikutokea mara moja. Matope ya chini ya bahari yaonyesha kwamba barafu imekuja na kurudi makumi ya mara katika muda wa miaka milioni mbili na nusu. Sasa ni kitu gani kilichoileta, na ni kitu gani kilichoiondoa?

WAZO LA KUHAMA NCHA

Mtu akiitazama ramani ya barafu ya kale, mara ataona jambo la kushangaza. Barafu haikuwa duara lililozunguka Ncha ya Kaskazini ya leo sawasawa. Katika Amerika ilishuka kusini sana, lakini sehemu kubwa ya Siberia, ambayo siku hizi ni nchi ya baridi kali kupita nyingi, haikufunikwa. Barafu ilisogea upande mmoja, na kama mtu akitafuta kitovu chake atakipata katika nchi zinazoizunguka ghuba ya Hudson, huko Kanada.

Basi jawabu laonekana jepesi: pengine wakati ule Ncha ya Kaskazini yenyewe ilikuwa ghuba ya Hudson! Nchi zilizokuwa karibu nayo zilifunikwa na barafu, zilizokuwa mbali zilipata joto. Ncha ilipohama, barafu iliyeyuka huku ikaanza kule. Wazo hili limewapendeza watu wengi, wenye elimu na wasio na elimu, kwa zaidi ya miaka 150, nalo halistahili kutupwa bila kupimwa.

Lakini kwanza yafaa kutenganisha mambo ambayo aghalabu huchanganywa. Ncha inayotajwa hapa si ile ambayo dira huielekea. Ile ni ncha ya sumaku, ambayo huzurura kila mwaka kwa sababu ya mwendo wa chuma kilichoyeyuka katika kiini cha dunia, wala haina amri juu ya joto na baridi. Ncha inayohusika ni ncha ya mhimili, yaani mahali ambapo mstari wa kuzungukia dunia hutokeza juu ya ardhi.

Na mhimili huo nao una namna mbili za kubadilika. Mtoto akichezesha pia, ataona kwamba inapozunguka huweza kulala upande kidogo, na kichwa chake huchora duara hewani. Hapo mhimili umebadilika kuelekea mbinguni, lakini kichwa cha pia ni kichwa kile kile. Hiyo ni namna ya kwanza. Namna ya pili ni mbali kabisa: mtu achukue chungwa lililopitishwa kijiti katikati, akichomoe kijiti, kisha akipitishe mahali pengine. Sasa sehemu iliyokuwa ubavuni imekuwa ncha. Wale wanaosema kwamba ncha zilihama husema habari ya namna hii ya pili.

HESABU NA VIPIMO

Mtu aliyelitia swali hili katika hesabu mapema alikuwa George Darwin, mwana wa Charles Darwin aliye mashuhuri. Katika mwaka 1877 alikadiria ncha ingeweza kusogea kiasi gani kama bara zima lingeinuka mahali pamoja na jingine kuzama mahali pengine. Alikuta kwamba, dunia ikiwa ngumu, itasogea digrii chache tu. Sababu yake ni umbo la dunia. Dunia si mviringo kamili. Kwa kuzunguka kwake imetokeza tumbo penye Ikweta, hata mtu aliye baharini kwenye Ikweta yuko mbali na kitovu cha dunia kwa maili 13 zaidi kuliko mtu aliye kwenye ncha. Tumbo hilo ni kama uzito katika ukingo wa gurudumu: huishika dunia katika mzunguko wake isiyumbishwe ovyo. Ili ncha ihame, tumbo lote halina budi kulegea na kujiunda upya mahali pengine, na mawe ya ndani hayalegei kwa haraka.

Lakini hesabu ni kitu kimoja, na kupima ni kingine. Katika miaka ya 1884 na 1885 Mjerumani mmoja, Friedrich Küstner, alipokuwa akipima nyota huko Berlin, aliona kwamba latitudo ya chuo chake haikukaa mahali pamoja. Mwaka 1891 Mmarekani Seth Chandler alieleza kwamba ncha huzunguka polepole kwa kipindi cha miezi 14 hivi. Kwa hiyo tangu mwaka 1899 vilijengwa vituo vya kuilinda ncha isitoroke bila kuonekana, vyote katika latitudo moja ya digrii 39 na dakika 8 za kaskazini: Mizusawa katika Japani, Carloforte katika Italia, Ukiah na Gaithersburg katika Marekani, na vingine. Kila usiku wa anga safi walinzi wake walipima nyota zile zile. Kazi hiyo ilikuwa ya kuchosha, nayo iliendelea kwa miaka mingi, katikati ya vita kuu mbili.

Je, walikuta nini? Kweli ncha huzunguka, lakini duara lake si kubwa kuliko uwanja wa nyumba, kwa kadiri ya futi 30 hivi. Tena katika karne ya 20 ilisogea polepole kuelekea Kanada kwa kiasi cha inchi nne kila mwaka. Kwa mwendo huo ncha ingehitaji miaka zaidi ya milioni 30 kufika ghuba ya Hudson, hali barafu ya mwisho iliondoka karibu miaka 11,700 iliyopita.

KITABU CHA HAPGOOD

Pamoja na hayo, wazo halikufa. Katika mwaka 1958 mwalimu mmoja wa historia katika Marekani, Charles Hapgood, alitoa kitabu akisema kwamba si dunia nzima inayogeuka, bali ganda lake la nje tu. Alisema ganda hilo huteleza lote pamoja juu ya tabaka laini lililo chini yake, kama ganda la chungwa lililobanduka likizungushwa bila nyama ya ndani kuzunguka. Kinacholisukuma, kwa maoni yake, ni uzito wa barafu yenyewe iliyojilundika upande mmoja wa ncha. Naye alisema wazi kwamba Ncha ya Kaskazini ilikuwa katika ghuba ya Hudson, karibu digrii 60 za kaskazini na 83 za magharibi, mpaka kiasi cha miaka 12,000 iliyopita.

Kitabu hicho kilipata sifa kwa sababu dibaji yake iliandikwa na Albert Einstein kabla ya kufa kwake mwaka 1955. Watu wengi hata leo hulitaja jina hilo kana kwamba limekwisha kumaliza maneno. Einstein aliliona wazo kuwa la maana sana kama likithibitika; na neno hilo «kama» ndilo ambalo mara nyingi huachwa.

Wema wa Hapgood ni kwamba alitaja mahali. Mtu akitaja mahali anaweza kupimwa. Ncha ya Kaskazini ikiwekwa digrii 60 kaskazini na 83 magharibi, kila nchi duniani hupata latitudo mpya, na yeyote mwenye tufe la dunia na kipande cha uzi aweza kuikadiria.

Tuanze na Siberia. Nchi za bonde la Yenisei zilizo digrii 60 kaskazini zingekuwa digrii 30 tu, sawasawa na mji wa Cairo. Lakini ardhi ya Siberia imeshuhudia kinyume. Katika Yakutia, ambayo ingekuwa na latitudo kama ya pwani ya Algeria, udongo na mawe yameganda kwenda chini kupita futi 4,000 mahali pengine. Baridi hupenya ardhini kwa polepole mno, na kuigandisha kwa kina hicho ni kazi ya zama nyingi, si ya miaka 12,000. Na wale ndovu wenye manyoya marefu ambao mizoga yao huchimbuliwa huko hawakuvaa blanketi lile kwa ajili ya jua la Cairo.

Kisha tuvuke kusini. New Zealand isingehama sana: ilikuwa digrii 43 za kusini, ingekuwa digrii 44. Kwa hiyo barafu yake ingalipaswa kuwa kama ya leo. Kumbe katika wakati ule ule wa barafu ya Amerika, mito ya barafu ya New Zealand ilijaa mabonde mpaka nyanda za chini. Patagonia, kusini ya Amerika ya Kusini, ni shahidi mkali zaidi. Mahali palipo digrii 47 za kusini pangekuwa digrii 17 tu, kama Harare ilivyo leo. Hata hivyo wakati ule milima ya Patagonia ilifunikwa na barafu moja kubwa iliyoenea kwa mamia ya maili. Hakuna mtu aliyepata kuona barafu ikifunika nchi nzima katika latitudo ya Harare.

Sasa turudi kwenye Mlima Kenya na matuta yake. Kwa ncha ya Hapgood, mlima huu ungekuwa kiasi cha digrii 14 kusini ya Ikweta, mahali pa Lilongwe. Je, hiyo yatosha kuishusha barafu mpaka futi 10,500? Jawabu liko Peru, maana huko iko barafu ya Quelccaya, katika digrii 14 za kusini, na barafu hiyo leo hukoma juu ya futi 15,000. Kuupeleka mlima Lilongwe hakusaidii kitu. Kinachohitajika ni baridi, wala si safari. Na baridi hiyo iliigusa milima ya Afrika, ya Andes, ya New Guinea na ya kisiwa cha Hawaii. Sehemu zote za dunia zilipoa, kwa wastani wa kati ya digrii 4 na 7 za sentigredi. Ncha ikihama huipa nchi moja baridi kwa kuinyang'anya nyingine. Haiwezi kuzipoza zote.

Lipo na neno la mwisho juu ya uzito wa barafu. Barafu ikikaa juu ya nchi, nchi huzama chini yake kama mtumbwi uliopakiwa, hata sehemu kubwa ya uzito wake hulipwa na mawe yaliyosukumwa pembeni. Nguvu inayobaki ya kuliteleza ganda zima ni ndogo mno, na tabaka la chini si grisi. Vipande vya ganda la dunia kweli huenda juu yake, lakini kwa inchi moja hata nne kwa mwaka, kila kimoja na njia yake. Tena huko Antaktika, mahali paitwapo Dome C, wataalamu walitoboa barafu kwa kina cha futi zaidi ya 10,000, na katika mwaka 2004 walitangaza habari za miaka karibu 740,000 zilizoandikwa ndani yake, tabaka juu ya tabaka. Zama za baridi na za joto zimo zikifuatana, lakini dalili ya ncha kuruka haimo.

MAHALI AMBAPO WAZO LINA UKWELI

Isidhaniwe kwamba habari za kuhama ni upuuzi mtupu. Zipo zama za barafu za kale zaidi, ambazo haziwezi kufahamika bila hizo. Karibu na Kimberley, Afrika ya Kusini, iko miamba yenye michirizi ya barafu ya miaka karibu milioni 300. Na katikati ya Sahara, huko Algeria, katika nchi ambayo leo jua huchoma mawe yakapasuka, wataalamu wa Kifaransa walikuta katika miaka ya 1960 alama za barafu ya miaka karibu milioni 445. Wakati ule Ncha ya Kusini ilikuwa kweli katika Afrika ya Kaskazini.

Lakini hapo waliohama hasa ni mabara. Afrika, Amerika ya Kusini, Bara Hindi, Australia na Antaktika zilikuwa bara moja, nalo lilisafiri polepole kupita juu ya ncha. Hata dunia nzima nayo hugeuka kwa namna ile ya chungwa, ila kwa kadiri ya digrii moja hivi kwa miaka milioni. Mwendo huo waweza kuieleza hadithi ya mamilioni ya miaka. Hauwezi kueleza barafu inayokuja na kurudi kwa miaka elfu mia moja, kama vile ukuaji wa mbuyu hauwezi kueleza mawimbi ya maji kupwa na kujaa.

MFUNGWA WA OSIJEK

Aliyeikaribia sababu ya kweli alikuwa Mserbia, Milutin Milankovitch. Mwaka 1914, akiwa na bibi arusi wake mpya, alikwenda Dalj alikozaliwa, nchi iliyokuwa wakati ule chini ya Austria. Vita vikaanza, naye akakamatwa kama adui akatiwa katika ngome ya Osijek. Baadaye aliruhusiwa kukaa Budapest, na kwa miaka minne ya vita alifanya hesabu zake katika maktaba za huko. Kazi yake yote ilitoka mwaka 1941 katika kitabu kimoja kikubwa. Mabomu ya Wajerumani yaliibomoa nyumba ya kupigia chapa huko Belgrade mwezi wa Aprili, lakini karatasi zilizokwisha kuchapwa, isipokuwa chache, zilinusurika.

Yeye hakuzihamisha ncha kutoka mahali pake. Alihesabu ile namna ya kwanza ya pia. Mhimili wa dunia umelala kwa digrii 23 na nusu hivi. Kwa muda wa miaka 41,000 huinuka mpaka digrii 22 na kulala mpaka 24 na nusu. Kichwa chake huchora duara, hata miezi ya dunia kuwa karibu na jua hubadilika kwa muda wa miaka 19,000 mpaka 23,000. Siku hizi dunia hulikaribia jua mwezi wa Januari. Na njia yenyewe ya kulizunguka jua, iliyo na umbo la yai kidogo, hunenepa na kukonda kwa miaka karibu 100,000. Mambo hayo matatu yakikutana kwa namna fulani, kiangazi cha kaskazini hukosa nguvu. Theluji ya Kanada na Norwei haiyeyuki yote. Mwaka wa pili yaongezeka. Nayo ikiwa nyeupe hulirudisha jua mbinguni, na nchi yazidi kupoa. Kinachoamua ni unyonge wa kiangazi, wala si ukali wa majira ya baridi, jambo ambalo Köppen, bingwa wa hali ya hewa, alimshauri.

Na kwa nini barafu ilijikusanya pande za ghuba ya Hudson kuliko Siberia? Kwa sababu barafu haihitaji baridi peke yake. Yahitaji theluji, na theluji yatoka baharini. Kanada ya mashariki na Norwei hupata pepo zenye unyevu wa Atlantiki. Siberia ilikuwa kavu. Mahali penye baridi kali na ukame huganda ardhi, lakini hapapati shehena ya theluji ya kutosha.

Wengi hawakumsadiki Milankovitch, naye alifariki mwaka 1958 kabla ya kuona mwisho wa ubishi. Mwaka 1976 wataalamu watatu, Hays, Imbrie na Shackleton, walipima makombe ya viumbe vidogo katika matope ya Bahari ya Hindi ya kusini, kwa muda wa miaka zaidi ya 450,000. Vipindi vile vile vya Milankovitch vilitokea ndani ya matope. Yabaki maswali, hasa kwa nini kipindi cha miaka 100,000 kimekuwa na nguvu kuliko vingine. Habari ya baridi kuenea mpaka Ikweta imepata jawabu zuri katika barafu ya Antaktika: vipovu vya hewa ya kale vyaonyesha kwamba hewa ya kaboni, inayoihifadhi dunia kama blanketi, ilipungua kutoka sehemu 280 hivi katika milioni mpaka karibu 180. Blanketi hilo ni la dunia nzima, ndiyo maana Mlima Kenya nao ulitetemeka.

MAZIWA YETU NAYO

Katika miaka ya 1920 mpaka 1950 wataalamu wengi wa Afrika Mashariki walifundisha kwamba zama za barafu huko Ulaya zilikuwa zama za mvua huku. Waliyaona matuta ya pwani za kale juu ya maziwa ya Nakuru, Elmenteita na Naivasha wakasema: barafu kule, mafuriko huku. Vipimo vya kaboni viliigeuza habari hiyo juu chini. Maziwa hayo yalijaa hasa baada ya barafu kuondoka, miaka 9,000 hivi iliyopita, wakati dunia ilipolikaribia jua katika miezi ya kiangazi cha kaskazini na pepo za mvua zikapata nguvu. Ndipo Nakuru na Elmenteita zilipokuwa ziwa moja lenye kina kirefu. Katika baridi yenyewe nchi ilikauka. Ziwa Victoria, lililo kubwa kuliko yote ya Afrika, lilikauka kabisa zaidi ya miaka 15,000 iliyopita, na mahali ambapo wavuvi wa Kisumu na Mwanza hutega nyavu leo palikuwa nyasi. Ncha ilikuwa pale pale.

Siku hizi barafu ya Mlima Kenya inakwisha upesi. Ule mto wa barafu uitwao Lewis, uliopimwa tangu mwaka 1934, umepoteza sehemu kubwa sana ya ujazo wake. Katika muda huo ncha ya dunia haikusogea zaidi ya upana wa barabara kuu, kwa hiyo lawama haiwezi kuwa yake. Bali yaonekana kwamba sababu na matokeo yake yamekaa kinyume cha alivyodhani Hapgood. Nchi ya ghuba ya Hudson, iliyoutua mzigo wake wa barafu, bado inainuka kiasi cha nusu inchi kila mwaka, na kuinuka huko ni sehemu ya nguvu iliyoivuta ncha kuelekea Kanada. Tangu karibu mwaka 2000 ncha imegeuza njia kuelekea mashariki, kwa kuwa barafu ya Greenland inayeyuka na maji ya visima yanavutwa kutoka ardhini na kuishia baharini. Mwaka 2023 wataalamu walikadiria kwamba maji ya visima peke yake, yaliyochotwa kati ya 1993 na 2010, yaliisogeza ncha futi mbili na nusu.